Ukiona Vyaelea: Kuisoma Dubai ya Simu Zetu

Kuna utunzi ambao vijana wa Kenya wameukuza kwa miaka kumi hivi bila mhariri, bila mchapishaji, na bila mhadhiri wa kuwaambia sura ya pili ianzie wapi. Ni video ya Dubai. Haina tuzo, haifundishwi darasani, na wahakiki wetu huipita kama abiria mwenye haraka anavyompita muuza njugu stendi. Lakini ina kanuni zake, ina msamiati wake, na naamini ina watazamaji wengi kuliko riwaya nyingi tunazozipigia debe. Nimeitazama kwa kinyozi Kondele, nimeitazama ndani ya matatu ya Maseno, nimeitazama saa nane usiku stima ikiwa imepotea na simu imebaki asilimia tisa. Sasa nataka tuisome kama tunavyosoma hadithi.

Kanuni zenyewe unazijua. Inaanza JKIA usiku: pasipoti, raba mpya, sanduku la magurudumu. Halafu bawa la ndege na taa za mji chini. Halafu mlango wa uwanja wa ndege unafunguka, na neno la kwanza kabisa ni, "Wasee, hii joto!" Siku ya kwanza ni Burj Khalifa. Kamera inaanzia kwenye viatu, inapanda polepole, inapanda tena, mpaka shingo ya mpiga picha inakataa, maana mita 828 si mchezo. Siku ya pili ni Dubai Mall na zile chemchemi zinazocheza muziki jioni. Siku ya tatu ni jangwa: Land Cruiser inaruka matuta ya mchanga, mtu anapiga mayowe, kipanga anatua mkononi, ngamia anapiga magoti, na usiku kuna nyama ya kuchoma kwenye mahema na mwanamke anayekata kiuno. Siku ya nne ni soko la dhahabu kule Deira. Siku ya tano sanduku linapimwa, kilo zimezidi, watu wanacheka, na mwisho inatokea nambari ya wakala: siku tano, viza, hoteli na ziara ya jangwa, yote kwa bei moja.

Kabla sijagombana na video hii, niitendee haki. Katika picha za zamani za safari, mtu wa kwetu ndiye aliyebeba mzigo. Alionekana nyuma ya Mzungu, hana jina, ana sanduku kichwani. Na sisi wa Kisumu tumezoea kutazamwa hadi leo. Nenda Dunga asubuhi yoyote yenye jua utamkuta mgeni amesimama na kamera yake, anamngoja mvuvi avute wavu ili mwanga umkae vizuri mgongoni. Mvuvi anajua. Wengine wamejifunza hata kusimama kidogo, kugeuza bega, halafu ndipo wavute. Basi mtu aliyekulia upande huo wa kamera akiishika kamera mwenyewe, akahudumiwa chakula, akafunguliwa mlango, akaitwa "madam" na mtu aliyevaa suti, hilo ni jambo. Wanaoona furaha hiyo wakasema ni ulimbukeni, mimi simo. Kuomoka kwa siku tano pia ni kuomoka.

Ugomvi wangu nayo ni wa sarufi.

Sikiliza maelezo ya video hizi kwa makini. Mnara huu umejengwa kwa miaka kadhaa tu. Kisiwa hiki kimetengenezwa baharini. Mji huu umesafishwa, we, hata karatasi huoni! Kila kitu kiko katika kauli ya kutendwa. Na kauli ya kutendwa kwa Kiswahili ina kiungo kimoja kidogo kinachomngoja mtendaji: "na". Umejengwa na nani? Kimetengenezwa na nani? Umesafishwa na nani, saa ngapi ya usiku, kwa mshahara gani? Video inakata hapo hapo kabla ya "na", inaruka kwenye chemchemi.

Watu wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo nayo ina kitenzi cha kutendwa kisichotaja mtendaji, lakini kazi yake ni kinyume kabisa. Inakuchukua wewe uliyesimama ufukweni ukishangaa jahazi linavyopendeza, inakugeuza, inakupeleka kwa fundi mwenye tezo na mikono iliyochubuka. Video ya Dubai inakuonyesha kinachoelea, halafu inatosheka.

Hebu tazama tena video yoyote, ila usitazame katikati ya fremu. Tazama pembeni. Kuna mtu wa sare ya kijivu anasukuma ufagio mpana. Kuna askari mlangoni, mrefu, mweusi, kasimama kama nguzo. Kuna dereva wa teksi ambaye unaona kisogo chake tu. Na kuna msichana wa kaunta ya manukato anayesikia lafudhi ya mteja, macho yanamtoka, anasema, "Sasa? Mnatoka wapi Kenya?" Hapo mpiga video anapiga kelele, "Nimepata Mkenya!" Wanakumbatiana. Sekunde nne. Kisha video inakata, tunarudi kwenye dhahabu.

Nimezitazama hizo sekunde nne mara nyingi. Kwangu mimi hadithi yote imo humo, zingine ni tangazo. Watu wawili walioondoka labda kwa ndege moja, wakapanga foleni moja ya pasipoti, mmoja ana siku tano na mwingine ana miaka miwili ya mkataba. Mtunzi mwenye sikio angebaki pale. Angeuliza unatoka saa ngapi kazini, unaishi wapi, mara ya mwisho ulikula ugali lini. Lakini kanuni za utunzi huu hazimruhusu, kwa sababu akiuliza, Dubai inaacha kuelea.

*

Tusimame kidogo kwenye maneno, maana maneno ndiyo mali yetu.

Safari tulilichukua kutoka Kiarabu, safar. Waingereza wakalichukua kwetu katika karne ya 19, wakalivisha kofia pana, wakalipa bunduki na hema. Sasa limerudi Uarabuni limeandikwa kwenye mlango wa Land Cruiser: desert safari. Limezunguka kama mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa watu, akarudi haongei lugha ya nyumbani. Kwa Kiingereza, safari ni ya mtu mwenye kamera. Kwa Kiswahili ni ya kila mtu. Mama anayetoka Kibuye kwenda Busia kufuata mitumba yuko safarini. Mgonjwa anayeletwa "Russia" kutoka Rarieda kwa ambulensi yuko safarini. Maiti inayopelekwa Alego kuzikwa iko safarini. Na msichana anayekwenda Riyadh kuwa kadama, kama wenyewe wanavyoiita kazi ya nyumba kule, yuko safarini kama yule wa Burj Khalifa. Lugha yetu haikuwatenga. Tumewatenga sisi, tulipoanza kupiga picha.

Mtalii naye ana ukoo wa kuvutia. Kutalii, katika matumizi ya zamani, si kuzurura. Ni kupitia jambo kwa makini, kulichunguza. Mzizi huo huo wa Kiarabu ndio uliotupa mtalaa, yaani masomo, ambao siku hizi tunauandika mtaala na kuugombania kila serikali inapobadilisha mfumo wa elimu. Mtalii na mtaala ni ndugu. Kwa asili ya neno, mtalii ni msomaji. Ndiyo maana nathubutu kuihakiki video ya Dubai kwa vigezo vya usomaji: mtu amefika mbele ya kitabu kikubwa, amepiga picha jalada, ameondoka.

*

Mwaka 2023 nilienda, siku tano, kwa kifurushi kama kile cha kwenye video. Nilitaka kuona jalada na ndani pia.

Kambi ya jangwani huuzwa kama kambi ya Mabedui. Mimi sikumwona Mbedui hata mmoja. Dereva wetu alitoka Peshawar, mpishi Kerala, aliyewachora wanawake hina alinisalimia kwa Kiswahili cha Kampala. Hata ile ngoma ya kukata kiuno si ya jangwa lile, ni mambo ya Misri na majirani zake. Sikukasirika. Kwa kweli nilijisikia nyumbani. Hoteli ngapi za pwani yetu zina Wamasai wanaoruka saa mbili usiku mbele ya bwawa la kuogelea, na ni wangapi kati yao wamewahi kuchunga ng'ombe? Mkenya ana elimu ambayo watalii wengi hawana: tunajua mchezo unavyochezwa nyuma ya pazia, kwa sababu sisi ndio wachezaji. Nilitegemea video za Wakenya ziwe kali zaidi kuliko za wengine kwa sababu hiyo. Lakini tukifika kule tunaketi kwenye zulia, tunapiga makofi, tunaisahau elimu yetu.

Na ajabu ni kwamba kambi ile ya kuigiza ilikuwa picha ya kweli ya nchi. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, karibu watu tisa katika kila kumi ni wageni. Ukikutana na mtu aliyezaliwa na kukulia pale katika siku zako tano, hesabu kuwa ni bahati. Unakuja kutembelea nchi ya watu fulani, unahudumiwa na nchi nyingine kumi.

Kilichonishika zaidi kilikuwa darini. Katika mtaa wa zamani wa Al Fahidi, kando ya Khor, kuna nyumba zilizohifadhiwa tangu kabla ya mafuta. Ndani kuna kibaridi, kuna maduka ya kahawa, wageni wanapiga picha za milango. Niliinua macho nikaona boriti. Miti ya mikoko, imepangwa sambamba, ile ile unayoiona kwenye nyumba za Lamu. Ilisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani yetu, kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwa sababu kule hakukuwa na miti ya kubeba dari. Upana wa vyumba vile vya zamani ulitegemea urefu wa boriti. Yaani mkata mikoko wa Lamu, aliyesimama kwenye tope hadi magotini, ndiye aliyeamua chumba cha tajiri wa Dubai kiwe na upana gani. Hiyo ndiyo "na" niliyokuwa naitafuta. Ilikuwepo darini muda wote, ila kamera zinaelekezwa kwenye vikombe vya kahawa.

*

Jumapili nilikutana na binamu yangu. Kwa Kijaluo ningesema tu nyaminwa, dada yangu, na ningekuwa sahihi. Anafanya usafi kwenye jengo la ofisi, mwaka wa tatu sasa, na anakodi kitanda Deira. Si chumba, kitanda: cha juu, na sanduku lake liko chini ya kitanda cha mwenzake. Tulivuka Khor kwa abra, ile boti ya dirham moja, tukacheka kwamba mtu wa Kisumu hawezi kulipa nauli ya mashua bila kuuliza kama kuna ngege upande wa pili. Halafu tukapanda metro hadi kwenye chemchemi.

"Ushawahi kupanda Burj Khalifa?" nilimwuliza.

"Omera, mimi naipanda kila siku na macho. Inatosha."

Kisha akatoa kwenye mkoba gauni refu la njano na miwani ya mwenzake wa chumba, akaingia chooni mle Dubai Mall, akatoka mtalii. "Nipige kama niko likizo," aliniambia. "Mama asione viatu vya kazi." Nilimpiga picha kumi na moja. Alichagua moja ambayo haikuwa na askari nyuma, akaiweka kwenye status, akaandika Mungu ni mwema. Hazikupita dakika tano, shangazi alikuwa amejibu kutoka Ahero: mioyo mitatu, kisha ujumbe wa pili kuhusu karo ya mdogo wake.

Picha ile inafanya uhakiki wangu uwe mgumu zaidi, na bora. Kwa sababu ukichunguza Dubai iliyomo kwenye simu zetu, sehemu kubwa haikupigwa na watalii. Imepigwa na wafanyakazi siku ya mapumziko. Lile gauni linazunguka. Ile miwani ina wenyewe sita. Picha ya kando ya chemchemi ni barua ya kwenda nyumbani, na kama barua zote za watu wa mbali, inasema niko salama hata pale ambapo mwandishi hana uhakika. Babu zetu waliokwenda kufanya kazi Mombasa na Kampala walienda studio, wakaazima koti na saa ya mpiga picha, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani. Hakuna aliyeyaita hayo uongo. Mama aliyepokea picha ile alijua kusoma: aliangalia shavu kama limebonyea, akaangalia mkono kama una kovu.

Ustadi huo wa kusoma ndio uliopotea, na hapo ndipo jambo hili linapokuwa si la wahakiki tu. Binti wa jirani yetu Manyatta amemaliza kidato cha nne. Wakala mmoja alimtumia video ya dakika mbili, minara, chemchemi, msichana mwenye gauni refu anacheka, na chini yake maneno kwamba kazi za nyumbani zipo na nauli italipwa. Alinionyesha akaniuliza, "Ni kweli?" Kila kitu katika video ile ni kweli. Mnara upo. Maji yanacheza. Msichana yule alicheka kweli. Kisichokuwemo ni kwamba gauni si lake, na kwamba viza ya mtalii na viza ya mfanyakazi zinakuingiza kwenye nchi mbili tofauti zilizo na uwanja mmoja wa ndege. Katika moja, ukichukizwa na hoteli unahama. Katika nyingine kuna mfumo wa kafala, ambapo ukaaji wako umefungwa kwa mwajiri wako, na mara nyingi pasipoti hukaa kwenye kabati lake hata pale sheria inapokataza. Wizara yetu ya mambo ya nje iliripoti mwaka 2021 kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Saudia si Dubai, najua. Lakini kwenye simu ya binti wa Manyatta zote ni minara ile ile.

*

Je, kuna walioiandika Ghuba mpaka wakafika kwenye "na"? Wapo, na mmoja ni wetu.

Malcolm Bidali alikuwa askari wa ulinzi Qatar. Aliandika makala kwa jina la Noah, kuhusu vyumba walivyorundikwa, zamu, na umbali kati ya majengo aliyoyalinda na mahali alipolala. Tarehe 4 Mei 2021 alikamatwa. Alifungiwa peke yake kwa karibu mwezi, akatozwa faini ya riyali 25,000, na Agosti mwaka huo akaondoka nchini humo. Watu wengi wanaijua habari hiyo kama kesi ya haki za binadamu. Mimi nataka aheshimiwe kama mwandishi wa safari. Fikiria kazi ya askari: analipwa kusimama na kutazama. Mtalii hutazama mlango wa jumba kwa sekunde nne, yeye ameutazama zamu nzima, siku baada ya siku, na anajua ni nani anaingia kwa mlango wa mbele na ni nani anazungushwa nyuma. Huo ni utalii kwa maana ya zamani, kupitia jambo kwa makini. Na malipo yake yanatuonyesha kwa nini video zetu hukata mapema. Kuna vitu ambavyo kule havipigwi picha bila gharama, na lazima tulikumbuke hilo kabla ya kumlaumu mtu aliye na mkataba na mdogo anayesomesha.

Deepak Unnikrishnan, aliyekulia Abu Dhabi katika familia ya Kihindi, alichukua njia nyingine katika kitabu chake Temporary People cha mwaka 2017. Aliona kwamba ukweli wa Ghuba haukai kwenye maelezo ya kawaida, akaingia kwenye ndoto. Mfanyakazi mmoja anameza pasipoti na kugeuka pasipoti. Mwenzake anameza sanduku na kugeuka sanduku. Wa tatu anawabeba wote wawili kukimbilia uwanja wa ndege. Mwanamke mmoja huzunguka usiku akiwaunganisha viungo mafundi walioanguka kutoka kwenye majengo. Ni vichekesho, halafu si vichekesho. Ukimaliza kukisoma huwezi tena kusema "mnara umejengwa" ukanyamaza.

Na kabla yao wote, Kiswahili kilikuwa na utamaduni wake wa habari za safari. Selim bin Abakari alikwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1901 na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli. Tazama hali yake: alisafiri akiwa kazini. Kazi ya kumhudumia bwana haikumfumba macho. Aliiangalia nchi ya watu, baridi yao, usafiri wao, desturi zao, akasimulia kwa sauti ya mtu anayewapima wengine badala ya kupimwa. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mfanyakazi hana nafasi ya kuwa mtalii, wala kwamba mtalii lazima awe kipofu wa kazi. Mmoja wa mababu wa utunzi wetu wa safari alikuwa vyote viwili.

Nyumbani pia tuna hadithi ya kututosha. Mtu yeyote aliyelelewa ukingo huu wa Nam Lolwe anamjua Nyamgondho, mvuvi maskini wa upande wa Gwassi, aliyevua mwanamke mzee kwenye ziwa. Alimchukua nyumbani, na tangu siku hiyo ng'ombe wakaongezeka mpaka boma likafurika. Kisha usiku mmoja akarudi mlevi, akamtukana kwamba ni kitu kilichovuliwa majini. Mwanamke akainuka, akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wazee husimulia hadithi hii kama onyo la pombe na mdomo. Mimi naisikia pia kama nadharia ya utajiri: mali ilitoka majini ikiwa na mtu ndani yake, na siku unapomdharau mtu huyo kwa sababu ya alikotoka, mali haina sababu ya kukaa.

Ghuba ilikuwa na Nyamgondho wake pia. Kabla ya mafuta, ambayo Dubai iliyapata mwaka 1966, utajiri ulikuwa lulu, na lulu zilitolewa chini ya bahari na watu walioshuka kwa pumzi moja na jiwe mguuni. Miongoni mwao walikuwa Waafrika Mashariki waliopelekwa utumwani. Biashara hiyo ilianguka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipojaa sokoni. Kwa hiyo watu wetu hawakuanza kuwa pembeni ya fremu mwaka 2010 Burj Khalifa ilipofunguliwa. Walikuwa chini yake, ndani ya maji.

Grace Ogot alilijua hili la kufuata mali ng'ambo. Katika The Promised Land, mwaka 1966, Ochola na Nyapol wanavuka kwenda Tanganyika, wanapata ardhi na mavuno, na inawalipa mpaka siku inapoanza kuwadai. Ogot hakumcheka Ochola kwa kutaka zaidi. Alimfuata hatua kwa hatua, akatuonyesha Nyapol anavyohesabu anachokiacha. Heshima hiyo ndiyo ninayoitaka kwa yule wa gauni la njano.

Kwa hiyo nini sasa? Sitaki video za Dubai zikome. Nyingi zinachekesha, na wanaozipiga wana jicho. Mtu anayejua kuanzia kwenye viatu akapanda hadi ncha ya mnara anajua kitu kuhusu masimulizi. Ninachotaka ni kidogo. Zile sekunde nne za "Nimepata Mkenya!" ziwe dakika nne, kama mwenyewe ameridhia, bila sura yake ikibidi, sauti tu. Muulize anaamka saa ngapi. Muulize "nyumbani" kwake sasa ni wapi. Ukipanda jangwani, tuambie dereva ametoka wapi na amekaa miaka mingapi bila kuwaona wanawe. Ukiingia Al Fahidi, inua simu hadi darini.

Na sisi tunaotazama tukiwa huku, tujifunze tena kusoma kama mama wa zamani na picha ya studio. Binti wa Manyatta sikumwambia ni kweli wala si kweli. Nilimwomba tuitazame video pamoja tena, polepole, na kila kitu kikitokea aniulize swali moja tu: na nani? Tulifika nusu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu wa nyuma na mop, ni kama ni Mkenya." Tulirudisha nyuma tukamtazama.